UZI: Machungwa ya Muheza mpaka Nairobi kwa Fuso kupitia Horohoro, ya barabarani yote tuweke hapa

MzeeWaKange

Wakuu salaam. Kila msimu wa machungwa ukifika naona watu wanaulizana yaleyale, mara Horohoro, pale mpakani na Kenya, kunapitikaje, mara karatasi gani zinatakiwa, mara lori linakamatwa wapi, sasa nimeona nifungue uzi mmoja tumalizane. Mi ni wa Tanga mjini, kazi yangu lori, Fuso tandamu bodi ya mbao, na mzigo wangu mkubwa ni machungwa ya Muheza kwenda Kenya, mengine yanaishia soko la Kongowea pale Mombasa mengine yanakwenda mpaka Nairobi. Wa semi na makontena mtusamehe, huku tunaongelea mzigo unaopumua.

Niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana abishane. Watu wanadhani hela ya safari hii inaliwa na dizeli au na wakubwa wa njiani. Inaliwa na KUSIMAMA. Lori likitembea upepo unapita, likisimama saa saba mchana na turubai juu yake mzigo unajipika wenyewe kuanzia katikati, wewe huoni kitu, juu machungwa yanang'aa safi, unakuja kufungua Nairobi tumbo lote la lori lina joto na harufu ya pombe. Kwaiyo mimi safari naipanga kinyumenyume, najiuliza kwanza nataka niwe mpakani saa ngapi, hapo ndo najua wachumaji waingie shamba saa ngapi.

Tuanze shambani maana wengi wanaruka hapa wanakimbilia kuuliza habari za mpaka.

Chungwa lisichumwe na umande. Wachumaji wanalipwa kwa idadi, wao wanataka waingie alfajiri saa kumi na mbili wamalize mapema, na ukiwaachia ndo hasara yako. Asubuhi ganda limejaa maji, ukiliminya kidogo tu linatoa yale mafuta yake na mafuta hayohayo yanaliunguza ganda, siku hiyo huoni kitu, baada ya siku mbili madoa ya kahawia kila mahali na mnunuzi anakwambia umemletea mzigo mzee. Subiri jua lipige mpaka majani yakauke. Mvua ikinyesha usiku mwambie tajiri tunasogeza siku, akikasirika akasirike.

La pili ni ya kuokota. Yaliyoanguka chini ya mti yanavutia kwa sababu ni bei ya kutupa, na utakuta mtu anayachanganya kijanja katikati ya tenga. Moja likiwa limepasuka linaota ule ukungu wa kijani na linaambukiza jirani zake kabla hujafika Voi huko Kenya. Na mjue chungwa si kama embe, likichumwa bichi haliivi njiani, litabaki na uchachu wake hivyohivyo, kwaiyo yule anayekwambia "yatakomaa safarini" hajui au anakuona wewe ndo hujui.

Kupakia narudi baadaye kidogo, kuna gari linanisubiri Pongwe.

Kijana_Makorora

Mzee wa Kange shusha nondo tunasoma. Swali, nyinyi mnahesabu kwa kilo au kwa idadi? Maana mi nimezoea vitunguu, gunia ni gunia.

BintiMuheza

@Kijana_Makorora idadi kaka. Mhesabuji anakaa kwenye lundo, mawili mkono huu matatu mkono huu, tano tano anatupia kwenye tenga huku anaimba hesabu, ikifika mia anaweka chungwa moja pembeni la kumbukumbu, mwisho yanahesabiwa yale ya pembeni. Na ndo hapo wezi wa pande zote mbili wanapofanyia kazi lol. Mwenye shamba akimsemesha mhesabuji kila ikikaribia mia, ujue ana lake jambo. Baba yangu alikuwa anaweka mtu wake na kokoto mfukoni, hesabu ya kokoto na hesabu ya machungwa zisipolingana mnaanza upya.

Kuna wanaonunua kwa miti pia, wanakuja shamba likiwa bado na maua au vichungwa vidogo wanakadiria, hiyo ni kamari, asiyejua miti asiijaribu.

MzeeWaKange

Nimerudi. Dada wa Muheza amesema kweli tupu.

Sasa KUPAKIA, na hapa niwaombe mvumilie maana ndo roho ya safari. Sakafuni unatandika nyasi kavu, kavu nasema, mbichi zinatoa joto zenyewe. Pembeni kwenye mbao vilevile ili chungwa lisisuguane na msumari wala bolti. Mpangaji mzuri anaingia pekupeku na anapokea tenga akiwa ameinama, anamimina karibu na sakafu, hamimini kutoka kifuani. Nikimuona mpangaji anatupa machungwa kutoka juu namshusha hapohapo, chungwa lililogongwa halilii, linakuja kulia mbele ya safari, Mariakani. Katikati ya mzigo tunaacha vishimo, tunasimamisha miti na kuizungushia nyasi kutoka chini mpaka juu, joto lipate pa kutokea. Turubai usiku tunalirudisha nyuma, mchana au mvua tunalifunga lakini linanyanyuliwa na mataruma lisilale juu ya matunda.

Halafu UZITO. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki hapa kwetu imeanza kutumika Machi 2019 na Kenya ni hiyohiyo, kwaiyo usije na hadithi za "kwetu wanaruhusu". Fuso tandamu ekseli ya mbele ya usukani ni tani 8, nyuma zile mbili za matairi mapacha tani 18, jumla 26. Soma kadi ya gari uzito wa gari tupu. Tuseme gari lako tupu ni tani 10, umebaki na 16 na humo toa dizeli, nyasi, mataruma, nyinyi wenyewe na mabegi. Chungwa la wastani ni kama gramu 200, maana yake elfu tano ni tani moja, sasa piga hesabu, mtu akikwambia "weka laki moja, gari lina nguvu" anakuambia uweke tani 20. Gari litavuta ndio. Mzani ndo hautavuta.

Na kuna watu jumla yao iko sawa lakini bado wanakamatwa, wanalia wameonewa. Mzani unasoma ekseli moja moja. Ukijaza sana kichwani karibu na kabini mbele inazidi, ukirundika mkiani nyuma inazidi, na ekseli ina nafuu ya asilimia 5 tu, uzito wa jumla hauna nafuu yoyote. Machungwa yenyewe ni mviringo, ukifunga breki kali mara kadhaa kuteremka vilima mzigo unasogea mbele, uliyopima asubuhi siyo utakayopimwa usiku. Dawa yake weka ubao wa kukata mzigo katikati ya bodi, vyumba viwili au vitatu. Hiyo mbao imeniokolea hela nyingi kuliko ajenti yeyote.

DerevaMstaafu

Mwanangu umesema vizuri. Zamani sisi barabara ya Horohoro ilikuwa vumbi na matope, masika mnalala njiani Duga Maforoni mnachemsha chai barabarani, machungwa tunayala wenyewe. Ile lami ya kilomita 65 walivyoijenga kwa ule msaada wa Wamarekani wa MCC ndo biashara hii ikawa biashara. Vijana mnalalamika foleni, hamjui.

Kijana_Makorora

Shkamoo mzee. Sasa mpakani je? Mi nimesikia lazima uwe na mtu wako.

MzeeWaKange

Mtu wako ni ajenti wa forodha mwenye leseni, basi. Nieleze nijuavyo.

Dereva na utingo wote pasi ya kusafiria au hati ya muda, viza hakuna kwa sisi wa Afrika Mashariki. Msidanganyike na Mkenya anayewaambia kitambulisho kinatosha, wao na Waganda na Wanyarwanda ndo wamekubaliana hayo, sisi hatumo. Pasi mpya tangu 2018 ni shilingi 150,000, mtu anaendesha lori la mamilioni anakwepa hiyo, sielewi. Kadi ya homa ya manjano weka humo humo kwenye pasi.

Gari, bima ya njano ya COMESA. Tanzania tulitoka COMESA, lile soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 lakini kwenye hiyo bima tumo, kwaiyo kata hapa hapa Tanga kabla hujaondoka usije ukauziwa ya haraka mpakani. Na kibali cha muda cha gari kuingia Kenya.

Mzigo, kwanza kabisa mnunuzi wako wa Kenya aombe kibali cha kuingiza mimea kwa KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, KABLA mzigo haujatoka shamba. Narudia kabla. Halafu wewe huku unachukua cheti cha usafi wa mimea, wengi tunaita faito, kwa TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, unachukua na cheti cha uasili kuonyesha chungwa limeota Tanzania, ukiwa nacho ushuru wa forodha wa kuingia Kenya haupo maana ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tulishafuta. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi kinatolewa mpakani hapohapo, ila lori zima mara nyingi thamani yake inazidi hiyo. Risiti ya ushuru wa halmashauri usiikunje ukaiweka mfukoni na jasho, wino unafutika na utaulizwa.

Mpaka wenyewe siku hizi ni kituo cha pamoja. Ukitoka huku unapita Horohoro unaenda kumalizia Lunga Lunga, wetu na wao wamekaa jengo moja, ukirudi ni kinyume chake unamalizia Horohoro. Mkaguzi wa mimea anapanda juu anachagua machungwa anayoyataka yeye, anakata, anaangalia funza. Yule inzi wa matunda aliyeingia Kenya na kwetu mwaka 2003 ndo ametuletea yote hayo, anataga chini ya ganda, kwa nje unaona kidoti tu kama umechoma sindano. Ndo maana nasema msichanganye ya kuokota, funza mmoja kwenye chungwa moja anasimamisha lori zima.

Mi nafika pale asubuhi mapema. Maana yake tumepakia jana yake mchana mpaka jioni, usiku tumetoka Muheza taratibu na baridi, tumepumzika Tanga, alfajiri tumeondoka tukapita Amboni kabla mji haujaamka. Ukifika saa kumi jioni jiandae kulala nao pale.

Pwani_Trader

Bado nasema kinachokula hela ni vituo vya njiani bro. Kila kizuizi elfu mbili elfu tano. Wewe unaongea kama kila mtu ni malaika.

MzeeWaKange

Sijasema ni malaika. Nasema jumlisha zote hizo halafu linganisha na mzigo uliolala usiku mmoja uwanjani na turubai limefungwa, robo ya lori inauzwa bei ya juisi. Na mwenye karatasi kamili na ekseli sawa anabaki kuombwa soda tu, unacheka unaondoka. Anayelipa kubwa ni yule gari lake lina kasoro. Rifleta hazipo, taa ya nyuma imekufa, pembetatu moja imevunjika.

LikoniKwetu

Ndugu zetu wa Tanga salaam aleikum, mimi niko huku ng'ambo, Mombasa. Nawaongezea ya kwetu maana naona watu bado wawaza ferri. Zamani lori la machungwa likifika Likoni lapiga foleni na jua lote la Mombasa, matunda yateseka, na ferri ikiharibika ndio basi tena. Sasa kuna daraja za Dongo Kundu, mkitoka Lunga Lunga mwapita Msambweni, Ukunda, kisha pale Kibundani mwashika ile barabara mpya, mwavuka Mteza na Mwache mwatokea upande wa Miritini kwenye barabara kuu ya Nairobi. Kisiwa hamkigusi. Kwa mzigo wa Kongowea lakini bado mwaingia mjini, hapo ulizia masaa ya malori kuruhusiwa, usijiingize tu.

Na wale waleta machungwa kwenye mifuko ya nailoni, huku imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, hata ya utingo ya kubebea maandazi. Tumieni viroba au kreti.

BintiMuheza

Ya nailoni hata kwetu imekatazwa tangu Juni 2019 kaka Likoni, ila shukrani, kuna vichwa vigumu.

Mdigo_wa_Duga

Mpaka huu bwana watu hawajui, sisi Wadigo tuko pande zote mbili, shangazi yangu yuko Lunga Lunga mimi niko Duga, harusi tunaendeana. Ukikwama pale ongea na watu kwa adabu, kunywa chai yao, utasaidiwa. Madereva wa bara wanafika wanapiga honi wanafoka halafu wanashangaa kwa nini faili lao liko chini.

Halafu kubadilisha hela, jamani. Wale vijana wanaokimbilia dirishani wana mkono mwepesi, anakuhesabia mbele yako zinatimia, anaomba arudishe ahesabu tena, ikirudi noti imepungua. Ukishashika hela yako usimrudishie hata akiapa. Au pata laini ya Kenya ya M-Pesa mapema, malipo mengi ya serikali yao ni ya simu.

Kijana_Makorora

Na kwa nini msipite ule mpaka mwingine wa Holili? Segera, Same, Himo, Taveta halafu Voi. Mi naona kule ni lami tupu sasa na hakuna joto la pwani.

MzeeWaKange

Swali zuri na nikiri kuna jamaa wanapita huko tu hawataki kusikia Horohoro. Mzigo wa Nairobi moja kwa moja ukitokea Muheza ukipita Holili umbali haupishani sana, na Voi Taveta imekuwa lami. Sababu zangu mbili. Moja, Horohoro nikiwa na shida na mnunuzi wa Nairobi, mfano kazima simu (wanazima sana bei ikianguka), naweza kukata kona nikauza Kongowea, chungwa linapata mlaji siku hiyohiyo. Ukiwa Taveta na mnunuzi kazima simu utauza kwa nani, tembo? Pili kule Same mpaka Himo barabara ina mizani na vizuizi vingi na upepo wa mchana unararua turubai. Ila kama mzigo umeshalipiwa Nairobi nusu, Holili ni njia halali, sina ugomvi nayo.

DerevaMstaafu

Ongea na Mombasa road mwanangu, usiwaache hapo.

MzeeWaKange

Haya, fupi maana mkono umechoka. Mariakani mzani, pale ndo utajua kama mpangaji wako alikuwa mtu. Kutoka pwani mpaka Nairobi ni kama kilomita 480, malori mengi, ya mbele yako yanapishana kwenye kona kipofu, wewe usishindane, una matunda. Mackinnon Road pale kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali madereva wengi tunasimama, fatiha, sadaka kidogo, tunanyoosha miguu na kukagua kamba. Kati ya Voi na Mtito Andei usiku tembo wanavuka, reli mpya imewawekea vivuko chini lakini tembo hasomi vibao, taa kamili na mwendo wa adabu.

Makindu kuna hekalu la Kalasinga, liko hapo tangu 1926, wanalisha msafiri yeyote bure dini yoyote. Chapati, dengu, chai ya maziwa. Funika kichwa, sigara acha garini, na sahani yako usibakize. Utingo wangu Nairobi haimvutii kama hapo.

Nairobi jitahidi uingie usiku wa manane, soko liamke na wewe upo. Anayefika saa nne asubuhi anapewa bei ya saa nne.

Pwani_Trader

Na kurudi mnarudi tupu? Mbona hasara. Si unapakia tu mzigo wa Nairobi unashusha Mombasa.

MzeeWaKange

HAPANA. Gari la Tanzania haliruhusiwi kuchukua mzigo wa ndani ya Kenya kushusha ndani ya Kenya, watakushika na gari linalala. Unatafuta mzigo wa kuja Tanzania wenye karatasi zake, na unautafuta kwa simu kabla hujaondoka Tanga, ukianza kuutafuta Nairobi utakula hela ya machungwa hotelini.

Na lingine la kurudi, hili liwekeni kichwani wenye mautingo wadogo. Mirungi kule inauzwa barabarani kama karanga na polisi anapita. Kwetu ni dawa za kulevya, sheria ya 2015 haina utani. Kijana anatafuna tangu Mtito Andei ili asilale, anafika Horohoro ana kishada kimebaki chini ya siti, hapo haulizwi utingo peke yake, anaulizwa na dereva na gari linaingia kwenye kesi. Mi Ukunda nasimamisha, nafagia kabini mwenyewe, nyanyua zulia, kagua droo, kagua mpaka ndani ya spea tairi.

LikoniKwetu

Hahaha spea tairi. Wewe mzee umeona mengi. Muguka pia ni hivyo hivyo kwenu?

MzeeWaKange

Jani la mti ule ule, hawataki kusikia jina la kienyeji. Lote acha huko.

BintiMuheza

Kaka Kange, baba ana machungwa ya Valencia, anataka kuuza kwa idadi si kwa miti, barabara ya shamba gari kubwa linaingia kama hakuna mvua. Gari lako liko wapi wiki hii?

MzeeWaKange

Liko gereji dada, nabadilisha springi za nyuma upande wa kushoto. Jumatano nitakuja bila gari kwanza nione barabara na nione miti, na mwambie mzee mhesabuji nakuja naye mwenyewe, ila wa kokoto awe wake.